Kichupa Kwenye Barafu

"Sukari imepanda," nilisema dukani kwa Lugata,
naye bila kuinua macho akauliza,
"Imefika ngapi kilo?"
Nikamwambia, si hiyo.
Ya Shangazi Nyamizi.

Kimya kikapita.
Mizani ikabaki na jiwe upande mmoja.

Mimi nauza barafu hapa mwaloni, Kome.
Bonge zima, nusu bonge,
vipande vya chini huwapa watoto bure wakatafune.
Wavuvi wananijua kwa mlio wa tindo yangu
kabla taa za dagaa hazijazimwa.
Sangara wangu hulala wakitazama juu,
midomo wazi kama waliokatizwa hadithi,
na kati yao, ndani ya kopo la majarini
lililoviringwa kitenge mara tatu,
kuna kichupa.

"Kisiguse barafu," nesi Mbuke alinikanya.
"Kikiganda kimekufa, utamchoma maji matupu."
Tangu hapo naamka usiku, nakipapasa, nakigeuza
kama yai lililofiwa na kuku wake.

Tulianza kwa kuona sisimizi.
Msururu mwembamba kuelekea nyuma ya choo,
mchana na usiku, kana kwamba wana harusi huko.
Baba alicheka, akasema mji una baraka.
Shangazi alikuwa anakunywa ndoo.
Ndoo! Na ziwa lote liko mbele yake,
na bado kiu.

Kisha ndoana.
Ilimwingia kisiginoni akianika dagaa,
akatembea nayo siku mbili
mpaka mjukuu akauliza, Bibi,
mbona unyayo wako unang'aa?

Amekanyaga kitu, walisema.
Si ndoana: kitu.
Akatajwa Holo, muuza kisamvu,
kwa kosa la macho aliyopewa na moshi wa jikoni.
Kuku wawili wakaenda kwa mganga,
mbuzi akafuata,
mguu ukazidi kunuka.
Nami nilikuwepo siku ile anatajwa,
nikatazama kidole changu cha gumba.
Hadi leo Holo hapiti njia yetu.
Deni hilo sijui linalipwa kwa fedha gani.

Bugando walikata chini ya goti.
Aliposhuka kivukoni watu walimpokea kwa soda,
kreti nzima, imetoka kwa mkopo.
Ungekataaje? Huku heshima hupimwa kwa vijiko,
chai isiyonata midomoni ni chai ya masimango.
Shangazi akaishika chupa, akaizungusha, akampa mtoto:
"Kunywa wewe.
Mimi nimeshamaliza yangu yote."

Wiki iliyofuata nesi Mbuke alipima watu
ndani ya ghala la nyavu.
Kumi na tisa, vijiti vya kipimo vikaisha.
Waliobaki kwenye foleni wakaambiwa mwezi ujao.
Lugata alikuwa wa ishirini.
Alisimama pale, kidole bado amekinyoosha,
kama anayemwonyesha mtu njia.

Sasa makopo ni sita humu ndani.
Nimeyaandika majina kwa rangi ya mitumbwi,
jina la Lugata bado linachuruzika.
Boti ya mabonge ikichelewa kutoka Mwanza
wenye samaki hunitukana, nami nanyamaza.
Sangara akioza ni hasara,
hesabu yake iko daftarini.

Leo asubuhi Shangazi amekuja na magongo yake,
akasema dawa yenu inanuka samaki,
akajichoma tumboni mbele ya wavuvi, hana haya,
akashusha gauni, akaketi juu ya sanduku.

"Nasikia sukari imeshuka," nikamwambia.

"Ya nani?"